Mbwa Wako Ametoa Kivimbe? Mwongozo kwa Wasiojua

Vitabu vya Ulaya vya tiba ya wanyama huzungumzia sana uvimbe wa ngozi ya feriti, kinyama chembamba wanachokifuga ndani. Morogoro hatunaye. Tunaye ndugu yake, kicheche, na aliyewahi kumnusa anajua kwa nini hafugwi sebuleni. Basi tushike mbwa.

Kwanza, usikimbilie daktari. Kivimbe kikiwa saizi ya harage hakijapata heshima. Subiri kifike limau, ndipo ukipeleke kijiweni. Pale mabingwa ni bure. Wa kwanza atasema oili chafu ya gereji. Wa pili atasema OTC, ile antibiotiki ya mifugo, maana mtaani kwetu OTC hutibu kuku, mbuzi na ndoa. Wa tatu atataka kifungwe uzi wa nailoni kidondoke chenyewe. Changanya zote, mbwa hana mdomo wa kukukatalia.

Kisha kiminye. Kikiwa na kitundu juu, huenda una bahati: si saratani, ni funza wa nzi wa maembe. Kipake vaselini, akikosa hewa atachungulia mwenyewe. Lakini kikiwa uvimbe wa seli za masti, zile seli za ngozini zinazobeba histamini, kuminya huko kunamwaga histamini mwilini: kinavimba zaidi, na mbwa anaweza kuanza kutapika. Kwa feriti uvimbe huohuo mara nyingi ni mpole, unakatwa na kuisha. Kwa mbwa usiufanyie mzaha.

Upo pia ule wa sehemu za siri, wenye vinundu vinavyovuja damu. Mbwa huambukizana kwa kupandana na kulambana. Seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama. Dawa yake ni vinkristini, sindano ya mshipani kila wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona kabisa. Asili yake ni lile ua la pinki lenye petali tano linalopandwa mbele ya nyumba. Ukishalisema hilo, bingwa wa nne atainuka akalichemshe. Mkamateni. Ua lile ni sumu, na hata vinkristini ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama.

Ukichoka na kijiwe, wapo madaktari wa wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kivimbe kikatwe kingali kidogo, na kikishakatwa wasiachiwe kunguru: kiwekwe kwenye fomalini, maabara ikitaje jina.

Palepale SUA wapo panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kabla ya kutoka juani hupakwa losheni masikioni na mkiani, wasipate saratani ya ngozi. Panya Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013 na kupewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, alitoka katika ukoo huo wa waheshimiwa. Paka mweupe wa jirani yako, anayelala juu ya bati tangu asubuhi, hajapata hata tone. Ukingo wa sikio lake ukitoa kidonda kisichopona, jirani atasema alipigana usiku. Mwambie ampeleke akakatwe ncha ya sikio mapema. Sura itaharibika kidogo, panya wa dukani hawatajali.