Kila Sherehe Ilikuwa Tarehe Moja Januari

Mwenye simu anapiga picha na maisha yanaendelea. Mimi nikichomoa kamera yangu mfukoni, kakamera ka bei poa kasikojaza hata kiganja, papo hapo nageuka mwandishi wa habari, mpelelezi, mtu wa ardhi aliyekuja kupima viwanja, au afisa wa mradi mwenye hela za wafadhili. Kuna siku Kariakoo nilitaka kupiga mafungu ya pilipili yaliyopangwa juu ya turubai la buluu. Pembeni yangu kijana alikuwa anarekodi soko zima kwa simu huku akijitangazia kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeshikwa mkono.

"Mzee, kibali unacho?"

Nikaeleza kuwa ni pilipili tu. Za nini? Nikasema za kuangalia nyumbani. Hapo nikazidi kutiliwa shaka, maana mtu mzima mwenye akili zake haendi nyumbani kuangalia picha ya pilipili.

Na kamera yenyewe haina la kutisha. Ina megapikseli 10, betri mbili za AA, na kioo cha inchi 2.5 ambacho jua la saa saba mchana likikipiga hakionyeshi chochote zaidi ya uso wangu mwenyewe ukiwa umekunjamana. Niliinunua mtumba, bila boksi, bila waya, bila kitabu cha maelezo, na menyu ikisoma Kijapani. Nilibonyeza na kubonyeza mpaka nikaifikia orodha ya lugha. Kifini kimo, lugha ya watu wapatao milioni 5. Kidenmaki kimo. Kiswahili, ambacho UNESCO wenyewe wamekipa siku yake ya dunia, 7 Julai, hakimo. Nikachagua Kiingereza, na tangu hapo kamera inanifokea kwa Kiingereza.

Inachofokea zaidi ni betri. Betri za bei rahisi zinazouzwa dukani kwa Mangi zitaendesha saa ya ukutani mwaka mzima bila malalamiko, kwa sababu saa inaomba umeme kiduchu. Kamera haiombi, inadai kwa mkupuo: mota isukume lenzi nje, kioo kiwake, flashi ijazwe. Ikikosa, inatoa lenzi, inaandika kwamba betri zimekwisha, inarudisha lenzi, inalala. Ukizipeleka betri hizo hizo kwenye saa, zinafanya kazi. Nani atakuelewa ukisema ni mbovu? Nikahamia kwenye za kuchaji. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini zinahimili ule mkupuo vizuri kuliko za Mangi, na ningekuwa mtu wa amani leo kama nyumbani kwangu pasingekuwa na gari la kuchezea la mtoto linalotumia saizi hiyo hiyo.

Halafu kuna suala la tarehe. Betri zikitoka zikakaa nje muda, kamera inasahau kila kitu na kurudi mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, harusi ya mdogo wangu, arobaini ya mzee wetu, kipaimara cha mtoto wa jirani na kuku aliyeingia sebuleni vyote vilitokea 1 Januari 2009, saa sita na dakika kadhaa usiku. Ukoo mzima ulifanya mambo yake yote usiku mmoja, na kuku akiwemo.

Nawaheshimu wenye simu. Simu ya kawaida ya siku hizi ina megapikseli 50, na kwa sehemu kubwa inashinda kamera yangu. Kitambuzi cha mwanga ndani ya kamera yangu ni cha milimita 6 kwa 4.6 hivi, simu nyingi sasa zina kikubwa zaidi. Simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo, inazichanganya, bibi harusi anatoka na shela jeupe na uso unaoonekana. Kamera yangu inapiga moja, basi. Tena inaamini kwamba kila kilicho mbele yake lazima kiwe cha wastani, si cheupe sana wala si cheusi sana. Ikiona shela linajaa fremu, inapunguza mwanga, na bibi harusi mwenye rangi yetu ya asili anatoweka, linabaki shela limesimama lenyewe mbele ya keki. Mbinu ya kuisahihisha ipo, kuna kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa, ila kukifikia unapita menyu tatu, na keki haikungoji.

Sasa kama simu ni bora hivyo, kwa nini kila shughuli natafutwa mimi? Ukumbi mzima una simu mkononi, na bado mshereheshaji anaita jina langu. "Si una kamera?" Hicho ndicho kigezo. Daktari anaulizwa kasoma wapi. Mimi naulizwa kama ninayo. Wali unapita mbali nami, kuku naye anapita, mimi nimechuchumaa mbele ya mashangazi wanaosema wasipigwe wakitafuna. Mpiga picha wa kulipwa, yule mwenye kamera kubwa na vijana wawili wa kumshikia taa, anasogea na kuniambia, "Kaka, samahani, unanizibia." Hajawahi kuwaambia hivyo wale wenye simu, ambao wamesimama juu ya viti.

Na kabla sijaketi, linaanza: nitumie. Nitumie sasa hivi. Kamera haina Wi-Fi, haina Bluetooth, haina pa kutumia. Picha inabidi itolewe na kadi, kadi iingie kwenye kadi rida, kadi rida kwenye kompyuta, kompyuta iunganishwe na simu, simu ipeleke kwenye kundi la familia, ambako picha inabanwa mpaka inafanana na zile za simu za zamani zaidi. Ukieleza hayo unaonekana mchoyo. Enzi za filamu ya picha 36 nani alithubutu kusema nitumie? Ulingoja filamu iishe, ukangoja ikasafishwe, na picha ulilipia, hata kama umetoka umefumba macho.

Wanaolalamika kwamba ninachelewa ningependa wakutane na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak aliyeunda kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ikapiga picha nyeusi na nyeupe ya megapikseli 0.01, na kuihifadhi picha moja kwenye kaseti ilihitaji sekunde 23. Yangu nikiitilia betri za kwa Mangi inaikaribia rekodi hiyo. Kodak wenyewe waliendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 wakaenda mahakamani Marekani kuomba hifadhi ya mufilisi. Nasikitika nao, ila nao hawakutafutwa kila kipaimara.

Shangazi ndiye mteja wangu mgumu kuliko wote. Alipigiwa simu na mwanawe aliye Mwanza, aliyeiona picha niliyompiga, kuulizwa kama anaumwa macho. Kamera ndogo ina flashi iliyobanana na lenzi. Mwanga unaingia moja kwa moja kwenye mboni, unagonga nyuma ya jicho palipojaa damu, unarudi ulikotoka ukiwa mwekundu, na lenzi iko hapo hapo inaupokea. Kamera kubwa flashi yake inakaa juu, mbali. Nilimweleza shangazi yote hayo, kwa adabu, nikimchorea na kidole mezani. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "ni macho yangu ndiyo yenye makosa."

Nilikuwa nimeanza kufikiria kuigawa. Mwaka 2010 kampuni za Kijapani zilisafirisha kamera ndogo za aina hii zaidi ya milioni 100. Kufikia 2023 hata milioni 2 hazikutimia. Nikasema na yangu ikapumzike na wenzake. Ndipo binti wa kaka yangu alipokuja likizo kutoka chuo, akaikuta kwenye droo, akapiga kelele. Shikamoo yenyewe ilifuata baadaye.

"Baba mdogo! Unayo digikamu!"

Nikaambiwa kwamba ndiyo inayotafutwa. Picha za simu ni safi mno, hazina maisha. Akapitia picha zangu akazichagua zile zile nilizotukanwa kwazo: shela lisilo na mtu, shangazi mwenye macho ya moto, ukumbi uliokuwa giza na watu wa mbele wamepauka kwa flashi. Kila moja alisema ni kali. Nilipopita Kariakoo kwa yule aliyeniuzia, nikakuta kamera kama yangu zimetoka kwenye beseni la chaja na hedifoni mbovu, zimewekwa ndani ya kabati la kioo lenye taa. Nikauliza bei. Akanitazama viatu kwanza.

Binti akaiazima kwa ajili ya sherehe ya rafiki yake. Nikampa na betri za kuchaji, nikamwomba anipe dakika moja nimwekee tarehe na mwaka sahihi, asije akachanganyikiwa kama sisi.

"Usiguse, baba mdogo," akasema, akiipokonya. Kumbe alishaingia kwenye menyu, akawasha ile tarehe ya rangi ya chungwa inayogongwa pembeni mwa picha, ambayo mimi sikujua kama ipo. Picha zote za sherehe ile zimeandikwa 1 Januari 2009. Mwaka huo yeye alikuwa chekechea, na rafiki mwenye sherehe ndiye aliyekuwa akimnyang'anya uji.