Picha 36 kwa Mtaa Mzima

Kwanza, iache simu nyumbani, maana simu haijui kuhesabu. Mkanda wa milimita 35 unajua: picha 36, basi. Ukizimaliza zote kwa paka wa jirani, harusi ya Ijumaa utaitazama kwa macho tu.

Pili, hakikisha mkanda umeshika. Kila ukiusogeza mbele kwa wenzo, tazama kishikio cha kurudishia, upande wa kushoto juu ya kamera. Kikizunguka, uko salama. Kikitulia, unapiga hewa, na hakuna dawa itakayokuletea picha.

Tatu, soma jua. Kwa mkanda wa ISO 400 chini ya jua kali, weka tundu la lenzi f/16 na kasi 1/500. Ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ambako jua lenyewe linapiga hodi, fungua hadi f/4. Saa sita mchana macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Ngoja alasiri, jua lilale ukutani na nakshi za milango zitoe vivuli.

Nne, sahau rangi. Kanga nyekundu na ya kijani zinazogombana kwenye kamba hupatana ndani ya mkanda wa nyeusi na nyeupe: zote kijivu. Kinachobaki ni mkunjo wa nguo, ngozi na mwanga. Kwa vitu hivyo tu, Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza hapo hapo Mji Mkongwe mwaka 1930, ilihifadhi nyuso za Wazanzibari wengi.

Tano, amkia kabla ya kulenga. Shikamoo kwanza, kamera baadaye. Ukishapiga, mzee wa barazani atasema, "Haya mwanangu, nionyeshe." Ataigeuza kamera, atatafuta kioo, atakuta kifuniko cheusi. Mjibu, "Imo ndani, babu, bado imelala." Hapo umeshaweka ahadi.

Sita, safisha mwenyewe. Mkanda uingie kwenye tangi katika giza totoro. Hata taa nyekundu usiwashe, hiyo ni ya karatasi. Fanya mazoezi kwanza kwa mkanda ulioharibika, macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mpaka vidole vizoee. Dawa ya kusafishia kama D-76 kwa kawaida hutumika kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya pwani yana joto kupita hapo. Itie chupa ya dawa kwenye beseni la barafu, barafu ile ile uliyonunua kwa ajili ya juisi ya ukwaju. Juisi itasubiri.

Saba, na hii ndiyo kubwa: chapa picha ya yule mzee kwenye karatasi, irudishe barazani, umkabidhi mkononi. Ataishika pembeni kwa vidole viwili, ataisogeza kwenye mwanga, atawaita wajukuu. Mkanda ni wako, lakini uso ni wake. Usinunue mkanda wa pili kabla hujampelekea.