Piki si Mlevi

Piki kuukuu ya Shabunda hushtakiwa kila siku kwa kosa lile lile: inakunywa. Mwenye nayo hulisema kwa uchungu wa mama aliyezaa mlevi, kisha huipeleka kwa fundi, na fundi, bila kuuliza lolote, huchukua bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Mimi naona kabureta inasingiziwa. Wanywaji wakubwa ni breki iliyobana, cheni kavu, tairi laini na kichujio cha hewa kilichoziba. Hivi vyote havina bomba la mafuta, kwa hiyo hakuna anayevishuku. Na Shabunda si mahali pa kushuku ovyo. Barabara ya taifa namba 2, ile ya Burhale na Kigulube, msimu wa mvua hugeuka uji, na hadi mwanzoni mwa 2025 bidhaa nyingi za viwandani zilikuwa zikipanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Kavumu. Esansi ikifika kwa kadhafi anayeiuza kwa chupa kando ya njia, bei yake imeshabeba nauli ya safari nzima. Kuimwaga kwa sababu ya breki ni anasa ambayo hata mwenye shimo la dhahabu angeifikiria mara mbili.

Tuanze na hiyo bisibisi. Skurubu ndogo ya pembeni inayopendwa na kila fundi hutawala mchanganyiko wa hewa na mafuta pale injini inapounguruma bila kwenda popote, na kidogo tu mkono unapoanza kufungua gesi. Ukishafungua nusu, kazi inashikwa na sindano pamoja na tundu kubwa la katikati, na skurubu haina kauli tena. Anayeizungusha ili aokoe mafuta ya kwenda Kigulube ameokoa mafuta ya kusimama mbele ya duka akipiga soga. Wapo wenye ujasiri zaidi, wanaoweka tundu dogo ili injini ipate mafuta machache. Injini hupungukiwa nguvu, dereva anafungua gesi zaidi kufidia, joto linapanda, na pistoni ikitoboka hesabu ya akiba inakuwa fupi sana.

Mwenye kutaka ushahidi afungue buji. Ikiwa kahawia iliyopauka, mchanganyiko uko sawa, na mashtaka dhidi ya kabureta yafutwe. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi hewa, lakini hata hapo ningeuliza kwanza kama stateri iliyovutwa asubuhi kwa ajili ya baridi imerudishwa, au bado imevutwa saa nane mchana. Kisha ningetazama kichujio. Sponji iliyolowa tope huizuia hewa, na dawa yake ni kuoshwa, kukaushwa na kupakwa oili kidogo. Lakini wengi hupendelea kuing'oa kabisa, ati piki ipumue. Inapumua kweli, pamoja na mchanga, ambao husaga ringi na silinda mpaka mgandamizo unashuka, na piki iliyosingiziwa ulevi sasa inakunywa kwa haki.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote halihitaji chombo. Piki isimame kwa stendi ya kati, gia iwe huru, gurudumu la nyuma lisukumwe kwa mkono. Likizunguka mara kadhaa na kutulia taratibu, vizuri. Likizunguka robo na kusimama huku likikwaruza, mlevi amepatikana. Tope limekauka ndani ya ngoma ya breki, au mtu alikaza breki kwa ajili ya mteremko mmoja na tangu siku hiyo injini inavuta piki huku breki ikiirudisha nyuma, wote wawili wakilipiwa na mfuko mmoja. Cheni nayo ichezeshwe katikati kwa kidole. Kwa piki nyingi za namna hii inatakiwa icheze sentimita 2 hadi 3. Isiyocheza kabisa inakula beringi pamoja na mafuta.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni njia, si breki. Ni kweli kwamba katika tope piki hukaa gia ya kwanza, injini inazunguka sana kwa kila mita, na hakuna spana ya kuondoa hilo. Lakini ushuru wa tope hauna msamaha, kwa hiyo sioni sababu ya kuongeza ushuru wa hiari. Tairi hupunguzwa upepo ili lishike matope, na hilo ni busara. Ila matope yakiisha, pampu haionekani, na piki inaingia sokoni ikiburuza mpira laini juu ya ardhi ngumu.

Wengine wana dawa yao: kuzima injini kwenye mteremko. Kinachookolewa ni kile kidogo ambacho injini ingekunywa gesi ikiwa imefungwa, na kinachotolewa ni msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Breki ya ngoma, ikiachiwa peke yake piki, abiria wawili na bidoni ya lita 20 yenye kilo 15 hivi za esansi, hupata moto na kulegea. Hiyo ndiyo akiba pekee ninayoijua inayoweza kuishia hospitalini.

Ugumu wa kweli uko kwenye kupima. Kebo ya mita ilikatika zamani, kwa hiyo kwa hesabu ya dashibodi piki haijawahi kutoka dukani. Chupa nazo, nyingine zimebonyea kitako kwa jua au kwa maarifa ya biashara. Basi upimaji ufanywe kwa chupa ile ile, njia ile ile na mzigo ule ule, kabla na baada ya kulegeza breki.

Kuna mahali ambapo kabureta ina hatia kidogo. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Shabunda iko chini zaidi, msituni. Piki iliyorekebishwa Shabunda ikipanda huko hukuta hewa nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumimina mafuta karibu yale yale. Moshi unakuwa mweusi, nguvu zinapungua, na makadhafi wa Bukavu wanatukanwa kwa kuchanganya esansi, hata wale wasio na kosa. Kwa atakayekaa huko muda, bisibisi ina kazi halali: kushusha sindano ya kabureta hatua moja, na kuipandisha tena siku ya kurudi. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo hufanywa na wengi.