Sifa za Printa ya Pamoja

Wamesifiwa wafalme, wamesifiwa majemadari, wamesifiwa hata ng'ombe wa maziwa. Lakini sijasikia aliyesimama hadharani kuisifu printa ya pamoja, ile iliyowekwa kwenye kona ya korido, kati ya kabati la majalada na mtungi wa maji ya kunywa. Mwilini imebandikwa karatasi tatu. Ya kwanza inasema "Usiguse". Ya pili inasema "Mwite fundi". Ya tatu iliandikwa kwa kalamu na mtu aliyekwisha kukata tamaa, na maneno yake hayafai kuchapwa gazetini. Basi leo nasimama mimi.

Nianze na nasaba, maana mheshimiwa hutambulishwa kwa ukoo wake. Printa ya leza ilizaliwa na Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, aliyeikamilisha ya kwanza mwaka 1971 katika maabara ya PARC, Palo Alto, California. Ilikuwa na kasi ya ajabu, na bei yake haikuruhusu kila mtu awe na ya kwake. Ikabidi watu washirikiane. Maabara hiyohiyo ilikuwa inaunda kompyuta za Alto, na kijana mmoja, Bob Metcalfe, akatakiwa atafute njia ya kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe na kuziunganisha na printa. Mei 1973 aliandika waraka ulioanzisha Ethernet. Kwa hiyo ule waya wa mtandao unaoupiga teke kila siku chini ya meza yako ulibuniwa, pamoja na mengine, ili watu wamfikie mheshimiwa huyu. Barua pepe za matangazo na video za mahubiri ni abiria waliodandia baadaye.

Fadhila yake ya kwanza ni usawa. Mkurugenzi akituma kurasa mbili za siri, na mhudumu wa ofisi akawa ametangulia kutuma kadi sitini za mchango wa harusi ya mpwa wake, kadi hutoka kwanza. Hakuna "mheshimiwa pita mbele". Nimemwona mkurugenzi mzima akisubiri koridoni, mikono nyuma, kadi zikidondoka moja baada ya nyingine. Ya tano akaiokota, akaisoma mpaka tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mchango. Ya kumi ilipotoka alikuwa ameshaulizia namba ya mweka hazina. Niambieni ni kamati gani ya harusi imewahi kumpata mkurugenzi kwa wepesi kiasi hicho.

Fadhila ya pili ni kujiheshimu. Huiendei kwa pupa; kuunganishwa nayo ni posa kamili. Kwanza unatafuta anwani ya nyumbani kwao: unabonyeza vitufe mpaka itoe karatasi ya taarifa zake, na katikati ya mistari yote ile utaona namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, tuseme 192.168.1.47. Unarudi kwenye kompyuta na kuziandika. Kisha anatafutwa mshenga, yaani draiva, programu inayochukua maneno yako na kuyafikisha upande wa pili kwa lugha inayoeleweka huko. Ukimtuma mshenga asiye wa ukoo huo, majibu yatakuja rimu nzima, kila ukurasa na mstari mmoja wa alama zisizosomeka. Mshenga akishapatikana, kompyuta inadai nywila ya msimamizi. Nywila anayo kijana wa TEHAMA. Kijana wa TEHAMA yuko likizo Moshi.

Msimlaumu kijana. Mwaka 2021 iligundulika kwamba sehemu ya Windows inayopanga foleni ya kuchapa ina tundu la kumwingiza mhalifu mpaka uvunguni mwa kompyuta. Tatizo likaitwa PrintNightmare, na Microsoft wakatoa marekebisho ya dharura. Tangu hapo, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kujipakulia draiva ya printa ya mtandaoni mpaka msimamizi aridhie. Wakwe wameongeza ulinzi mlangoni, na mimi siwezi kuwashangaa.

Fadhila ya tatu ni kutong'ang'ania mahali. Umeme ukikatika mwisho wa wiki, Jumatatu rauta inaamka na kuanza kugawa anwani kama vile haijawahi kumwona mtu. Ijumaa printa ilikuwa 47, leo ni 52. Kompyuta zote zinaendelea kubisha hodi pale 47, hakuna anayeitika, nazo zinatangaza kwamba printa haipo mtandaoni. Wakati huo iko palepale, taa ya kijani inawaka, inangojea kazi. Mfanyakazi mwenye haraka haulizi, anaiunganisha upya. Wiki inayofuata anaiunganisha tena. Mwisho wa mwaka kompyuta yake ina printa, nakala ya kwanza ya printa, nakala ya pili na ya tatu, na koridoni ipo moja tu. Hakuna mali nyingine ya ofisi inayoongezeka kwa kasi hiyo bila zabuni wala hoja ya mkaguzi.

Ya nne ni msimamo. Mtu ameletewa faili kutoka Marekani, likapangwa kwa karatasi ya Letter, upana milimita 216 na urefu 279. Trei imejaa A4, milimita 210 kwa 297. Binadamu angesema tofauti ni ndogo, tupitishe tu. Printa inasimama. Inaomba Letter, na itaendelea kuiomba mpaka jioni, na foleni nzima nyuma ya faili hilo itasimama pamoja nayo. Katika ofisi ambamo kila utaratibu una "tutaangalia", ni nani mwingine anayekataa?

Sasa nije kwenye matendo yake makuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT ilikuwa na printa ya leza iliyotolewa na Xerox. Karatasi zilikuwa zinakwama, na watu waliotuma kazi kutoka mbali hawakujua mpaka watembee kwenda kuangalia. Richard Stallman alikuwa ameshairekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaarifu watu ikikwama. Akataka aifanyie na hii mpya, akanyimwa msimbo wake. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, na vuguvugu la programu huria likapata bendera. Seva nyingi zinazoendesha intaneti leo zinatumia matunda ya vuguvugu hilo. Karatasi iliyokwama ina mchango wake humo.

Na wezi wanaijua thamani yake kuliko sisi. Februari 2016, wadukuzi waliotaka kuchota karibu dola bilioni moja za Benki Kuu ya Bangladesh walihakikisha kwamba printa inayotoa kumbukumbu za miamala inanyamaza. Wafanyakazi walipoikuta haifanyi kazi, wakadhani ni yaleyale ya kila siku. Ilipofufuliwa ikaanza kutoa maswali ya haraka kutoka tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani kuhusu maagizo ya malipo ambayo hakuna aliyeyatuma. Dola milioni 81 zilikuwa zimeshakwenda Ufilipino. Shahidi alikuwepo, kosa lake ni kwamba tumezoea kumwona amezimia.

Wapinzani watasema: mbona printa ya steshenari ya jirani haigomi? Unampa kijana flashi, unalipa, unaondoka na karatasi zako. Ni kweli. Lakini ile imefungwa kwa waya mmoja kwenye kompyuta moja ya bwana mmoja, na bwana huyo anakaa ubavuni mwake tangu asubuhi, anaipangusa vumbi na kuitikisia tona kwa sababu ndiyo inayomlipia kodi ya fremu. Ipe watu arobaini wa kuiamuru, kila mmoja na kompyuta ya umri wake, na hata mmoja asiwe wa kuipangusa, kisha turudi tuulizane.

Hapo ndipo ilipo kesi yenyewe. Makosa mengi tunayoiandikia printa ni ya ushirika wetu: tumegawana matumizi, hatukugawana ulezi. Mwaka 2022 Tanzania ilibandika vibao vya anwani za makazi mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba; printa haikufikiwa na operesheni. Nayo haiombi makubwa. Itengewe anwani ya kudumu kwenye rauta, iandikwe ubavuni mwake mahali pa zile karatasi tatu. Ichaguliwe draiva moja kwa ofisi nzima. Atajwe mtu mmoja mwenye dhamana, na wa kumshikia akienda Moshi. Ni kazi ya asubuhi moja, na imekuwa ikiahirishwa kikao hadi kikao kwa sababu kila mjumbe anaamini ni ya mwenzake.

Na wewe uliyeona kioo kinasema karatasi zimekwisha, ukachukua kurasa zako ukaondoka kwa kunyata: umeonekana. Rimu zipo kabati la chini, upande wa kushoto.