Tairi Lenye Kiu

Mtu akinunua trekta, watu humuuliza lina farasi wangapi. Hakuna anayemuuliza lina kilo ngapi. Kumbe injini inaweza kuwa na nguvu za kung'oa mbuyu na trekta bado likashindwa kupanda kijilima cha majani mabichi, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure na kujichimbia shimo. Kinachokosekana hapo ni uzito wa kuyakandamiza matairi ardhini, na njia rahisi ya kuupata ni kuyanywesha maji.

Mafundi wa Babati, Mbarali na Kilombero wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Tairi moja la nyuma la trekta kubwa la shambani humeza zaidi ya lita 200. Gurudumu hupandishwa jeki, valvu ikaelekezwa juu, kile kichuma chake cha ndani kikafunguliwa, kisha mpira wa maji ukashushwa kutoka kwenye pipa lililo juu ya tela. Maji yakifika usawa wa valvu, tairi limejaa robo tatu. Sehemu iliyobaki huachiwa upepo ili tairi liendelee kunesa. Uzito huo hauielemei ekseli, kwa kuwa umo ndani ya gurudumu lenyewe, tena chini karibu na ardhi, hivyo hata mteremkoni trekta linatulia.

Elimu hiyo ndiyo aliyosafiri nayo bwana mmoja wa Babati aliyehamia Minnesota, Marekani. Alipopata nyumba yenye uwanja mpana, akanunua trekta la bustani la mtumba, lile linalokata nyasi wakati wa joto na kusukuma theluji wakati wa baridi. Wamarekani wamevizoea vitrekta hivyo kwa miaka mingi: Cub Cadet ilitoka mwaka 1961, na John Deere wakaleta 110 yao mwaka 1963. Ni vyepesi. Vingi havifiki hata nusu tani, na matairi yake yana kashata laini zisizoumiza nyasi. Juu ya theluji, kashata hizo hazishiki chochote.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, trekta lilifika katikati ya mwinuko wa kuingilia nyumbani, likapiga kelele nyingi na kubaki palepale. Bwana akamwita mpwa wake apande nyuma, asimame kwenye chuma cha kufungia tela, aongeze uzito. Kijana alipanda, trekta likasogea hatua chache, likashtuka, na kijana akatua chali kwenye theluji aliyotoka kuisukuma mwenyewe kwa koleo.

"Mjomba," alisema akijipangusa, "mimi si gunia la mahindi."

Ndipo ikapigwa simu Babati, kwa shemeji mwenye matrekta mawili ya kukodisha. Jibu lilikuwa fupi: "Jaza maji, shemeji. Yakianza kutoka kwenye valvu, funga." Tairi la trekta la bustani lenye upana wa inchi 10 na nusu huchukua takriban lita 30, na lita moja ya maji ni kilo moja. Matairi mawili, kilo 60. Jioni hiyo trekta lilipanda mwinuko bila kugugumia, na bwana akala chakula cha usiku akieleza mambo ya ufundi.

Hesabu ya kilo ilikuwa sawa. Iliyosahaulika ni ya nyuzi. Mwezi Januari usiku wa Minnesota hushuka chini ya nyuzi hasi 20 za Selsiasi bila mtu kushangaa, na kule kaskazini, katika mji mdogo wa Tower, kipimo kiliwahi kusoma hasi 51 tarehe 2 Februari 1996. Asubuhi maji yalikuwa yameganda chini ya tairi, upande mmoja tu. Trekta likaondoka likichechemea: upande wenye barafu ukipanda linasitasita, ukishuka linaruka. Simu ya pili Babati haikuwa na msaada. Shemeji alicheka mpaka mtandao ukakatika, akapiga tena kushauri kwamba maji yapashwe moto.

Tatizo hili la uzito wa matairi lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Matrekta ya zamani yalitembea kwa magurudumu ya chuma yenye meno, na chuma kina uzito wake. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ilianza kuyauza na matairi ya upepo, baada ya kuyajaribu kwenye shamba moja la Waukesha, Wisconsin. Mpira ulipunguza mtikisiko na kuongeza mwendo, lakini gurudumu likawa jepesi na likaanza kuteleza. Tangu hapo wakulima wa nchi za baridi wametafuta kitu kizito kinachokataa kuganda.

Cha kwanza kilichopendwa ni chumvi ya kalisi kloridi. Ikikorogwa vizuri ni nzito kuliko maji kwa karibu theluthi moja, na baridi haiigandishi kirahisi. Bwana wetu alinunua mfuko, akakoroga uani akiwa amevaa glavu za sufu. Hakuna aliyemwambia kwamba chumvi hiyo ikikutana na maji hutoa joto. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi huku ndoo ya plastiki ikitoa mvuke na kulegea kitako. Nusu ya mchanganyiko iliingia kwenye tairi, nusu ikaenda kwenye nyasi. Chumvi hiyo inakula rimu za chuma pasipo na tyubu, na inaua majani. Theluji ilipoyeyuka, duara la kahawia lilijitokeza mbele ya jiko.

"Baba watoto," mkewe aliuliza, "hapa ulimwaga nini?"

Akahamia maji ya kuoshea vioo vya gari, yale ya buluu ya nchi za baridi. Ni ya bei nafuu na mengi huvumilia mpaka hasi 29. Ila yana methanoli, ambayo ni sumu, inashika moto, na inayafanya yawe mepesi kidogo kuliko maji. Dawa ya rejeta nayo iliwahi kufikiriwa, ikakataliwa kwa sababu ya mbwa wa jirani: ile yenye ethilini glikoli ina utamu unaovutia wanyama, na unywaji mdogo tu unawaua.

Mwisho wa safari ukawa juisi ya kiazi sukari, zao linalolimwa kwa wingi kwenye bonde la Red River, magharibi mwa jimbo hilohilo. Huuzwa kwa jina la Rim Guard. Lita moja ina karibu kilo 1.3, haina sumu, haili chuma, na haigandi mpaka karibu hasi 37. Bei yake inauma, na duka la matairi huijaza kwa pampu yake. Habari zilipofika Babati, shemeji alishangaa. "Kwetu ungelipaki nje usiku, ng'ombe wangelitafuna tairi."

Kwa msomaji wa Morogoro au Kitale, maji ya bomba yanatosha kabisa, na mengi si lazima. Shambani, gurudumu linaloteleza kwa asilimia 10 mpaka 15 linafanya kazi vizuri. Lisiloteleza hata kidogo limebebeshwa kupita kiasi, linakula dizeli na kushindilia udongo. Usimpandishe mtoto wala mpwa nyuma ya trekta awe uzito. Ukishajaza, andika kwa rangi kwenye rimu kilichomo ndani, ili fundi wa pancha asije akachomelea rimu yenye methanoli. Na kabla hajafungua valvu, mwambie aizungushe ije juu.