Jinsi ya Kuagiza Ziwa kwa Mchora Vibonzo

Hongera, umepata fedha za mradi. Mradi unahusu utunzaji wa mazingira ya Ziwa Victoria, ofisi ipo Mwanza, na kwenye bajeti kuna kifungu kimoja kinachosomeka "michoro ya kuelimisha jamii". Kifungu hicho kisipotumika hadi tarehe 30 Juni, fedha zitarudi zilikotoka. Kwa hiyo atafutwe mchora vibonzo, na atafutwe upesi.

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili yako. Ukiufuata hatua kwa hatua utapata mabango, kalenda ya ukutani na fulana za kutosha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomkera mtu yeyote kutoka Igoma hadi Igombe. Wala hakuna atakayekikumbuka.

Hatua ya kwanza: Usiulize nani anachora vizuri

Ukiuliza, utaletewa historia. Utaambiwa jinsi Christian Gregory alivyomchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na wasomaji wakawa wanamtafuta Chakubanga kabla ya kugusa tahariri. Utakumbushwa enzi za jarida la SANI, lenye wahusika akina Lodilofa na Ndumilakuwili, jinsi lilivyopokezanwa mtaa mzima hadi jalada likachanika. Atatajwa Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, akawakosesha usingizi wakubwa wa huko. Atatajwa pia Masoud Kipanya, ambaye panya wake mdogo husema kwa mstari mmoja jambo ambalo watangazaji wa redio hulizunguka kwa saa nzima.

Historia hii yote inathibitisha jambo moja la hatari: mchora vibonzo ni mtu anayeangalia. Wewe humtaki anayeangalia. Unamtaka anayeweza kuchora samaki anayetabasamu, kidole gumba juu. Samaki hana kidole, lakini hilo ni la kitaalamu, na kamati haitalihoji.

Hatua ya pili: Andika hadidu za rejea zisizochoreka

Mfano mzuri ni huu: "Kuibua uelewa shirikishi kuhusu matumizi endelevu ya rasilimali za bonde la ziwa." Mchoraji akiuliza sentensi hiyo inachorwaje, mwambie atumie ubunifu. Akishautumia, mwambie hakuzingatia hadidu za rejea.

Kisha chagua wahusika watakaoliwakilisha ziwa. Tunapendekeza watatu ambao hawakosekani kwenye mabango ya namna hii: sangara kwa sababu ni mkubwa, sato kwa sababu ni mtamu, na ua la magugumaji kwa sababu ni la zambarau na litapendeza kwenye jalada.

Mchoraji anaweza kukuambia kwamba wote watatu ni wageni. Sangara na sato waliingizwa humu kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametawala Ghuba ya Mwanza, na furu, wale samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina zisizopatikana popote pengine duniani, wakawa wanaliwa hadi aina nyingi zikatoweka. Sato naye akachukua nafasi ya ngege, mwenyeji. Magugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaziba mialo na kukwamisha mitumbwi, mpaka wataalamu wakafuga fukusi na kuwaachilia wayatafune. Kwa maneno mengine, umeagiza bango la kumlinda mwenye nyumba, na juu yake umeweka picha za waliomhamisha.

Mshukuru kwa mchango wake. Jalada libaki la zambarau.

Hatua ya tatu: Rasimu ipite kwenye kamati

Kamati iwe na watu tisa, mmoja kutoka manunuzi. Kila mjumbe ni lazima awe na maoni, maana asiye na maoni atahojiwa posho yake. Yafuatayo ni maoni yanayofaa. Unaweza kuyanakili kama yalivyo.

Kuhusu Jiwe la Bismarck: "Limekaa kama linataka kuanguka. Litawatia wasiwasi wawekezaji. Lilazwe." Mchoraji atakupeleka dirishani akuonyeshe kwamba jiwe lenyewe, pale karibu na kivuko cha Kamanga, limebebwa juu ya mawe mengine hivyohivyo tangu kabla Wajerumani hawajalibandika jina la chansela wao. Usiende dirishani.

Kuhusu mjusi: "Rangi zimezidi. Punguza." Hapa inabidi tufafanue, kwa sababu mchoraji atabisha sana. Kwenye miamba ya Mwanza anaishi mjusi ambaye wanasayansi wamempa hata jina la mji, Agama mwanzae. Dume lake likiota jua asubuhi, kichwa na mabega huwa mekundu ya kuiva, na kuanzia kifuani kwenda mkiani ni bluu iliyokolea, bila mpito wowote wa kueleweka, kana kwamba fundi aliishiwa kopo la kwanza katikati ya kazi. Akimwona mwenzake hujiinua kwa miguu ya mbele na kujishusha, juu chini, juu chini, kama askari aliyepewa adhabu. Watalii humwita Spider-Man. Inawezekana kabisa kwamba yupo mmoja kwenye ngazi za ofisi yenu wakati kikao kinaendelea. Hata hivyo uamuzi ubaki palepale: mjusi awe wa kijani. Watoto wamezoea mjusi wa kijani.

Kuhusu nzohe: "Huyu mbuzi aliyelowa ni wa nini? Weka tembo." Nzohe ni swala wa matete na majimaji, na Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo ni mojawapo ya mahali pazuri pa kumwona. Lakini mfadhili akisikia Tanzania anamtarajia tembo. Ukibanwa, jitetee kwamba Rubondo tembo wapo, na ni kweli wapo. Usiongeze tu kwamba walipelekwa na binadamu, sawa na sokwe waliofikishwa kisiwani kwa meli katika miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya.

Kuhusu Mto Mirongo: "Maji yawe ya bluu." Mirongo unapita katikati ya mji ukibeba chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja na vingine tusivyoweza kuvitaja kwenye kalenda, na vyote hivyo huishia ziwani, kunakovutwa maji ya kunywa. Mchoraji ataleta rasimu ya kambare aliyevaa barakoa akisubiri daladala ya kuhama. Mcheke kwanza, wajumbe wote mcheke, kisha iondoeni. Bluu haimlaumu mtu.

Kuhusu watu: "Wapunguzwe." Wakilazimika kuwepo, wawe wamesimama kwa mstari, wamevaa majaketi okoa, wanaelekeza vidole kwenye upeo wa macho. Wasionekane wakibeba mapanki. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare aliyoipiga hapahapa Mwanza, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailalamikia hadharani. Ikawa ni mjadala wa nchi nzima iwapo mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, ni chakula cha binadamu au cha kuku. Funzo wanalopenda wenye miradi ni kwamba picha ikileta ubishi, tatizo ni picha.

Hatua ya nne: Tafuteni nafasi ya nembo

Bango la kawaida lina nafasi ya wafadhili saba, wizara, halmashauri, na kauli mbiu ya mistari mitatu. Mchoro uwekwe panapobaki. Pasipobaki, samaki apunguzwe mkia.

Hatua ya tano: Malipo

Anza kwa kushangaa bei: "Si katuni tu? Kazi ya dakika tano?" Mweleze kwamba atajitangaza. Akisema kwamba kodi ya nyumba hailipwi kwa kutangazwa, mtake alete namba ya mlipakodi, risiti ya mashine, barua ya utambulisho na nukuu za bei kutoka kwa wachoraji wengine wawili ili ashindanishwe na nafsi yake. Baada ya hapo tumia sentensi hizi kwa zamu, moja kila wiki: "Ipo kwenye mchakato." "Anayesaini yuko Dodoma." "Mfumo uko chini." Ya nne haijawahi kuhitajika, kwani kufikia hapo mchoraji huwa amerudi kupaka maandishi kwenye vibao vya saluni, ambako hulipwa kabla brashi haijakauka.

Hatua ya sita: Uzinduzi

Mgeni rasmi akate utepe, bango lifunuliwe, kwaya iimbe. Mchoraji akikumbukwa, apewe kiti nyuma karibu na jenereta. Mshereheshaji atamwita "kijana wetu mchoraji", hata akiwa na wajukuu.

Onyo muhimu: Asifike Mwaloni

Hatua zote sita zinaweza kuharibiwa na jambo moja dogo, nalo ni mchoraji kupanda daladala na kwenda kukaa asubuhi moja kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na daftari lake. Huko ataona wapagazi wakipita kwenye ubao mwembamba kutoka kwenye boti, magunia ya dagaa wa visiwani migongoni. Atawaona korongo wenye upara wakizurura kati ya wachuuzi kama maofisa wa ushuru. Atamwona mama ameketi mbele ya turubai la dagaa, vidole vinachambua bila yeye kuviangalia: dagaa huku, kokoto kule, na pembeni fungu dogo la furu, wale wa mamia ya aina, waliobaki.

"Kaka, na mimi umenichora?" atauliza. "Mbona pua umeifanya hivyo?"

Wenzake watasogea. Mmoja ataitambua mchoroni ile ndala ya Mirongo. Mwingine atasema huyo furu siyo wa huku, huyo ni wa upande wa Ukerewe, na utazuka ubishi wa saa nzima kuhusu samaki gani alikuwepo zamani na nani alimmaliza, wanaotumia kokoro au wanaomwaga taka. Yaani watu watakuwa wanafanya lile hasa ulilopewa fedha ulifanikishe, bila semina, bila posho na bila maji ya chupa.

Hilo likitokea, taarifa yako ya robo mwaka itakuwa matatani. Fomu ina sehemu ya idadi ya mabango, idadi ya fulana na idadi ya washiriki waliosaini, wanaume na wanawake. Haina mstari wa kuandika kwamba watu walicheka, wakabishana, kisha mmoja wao akaichukua ile chupa ya plastiki aliyokuwa ameshaitupa.