Maombi ya Kuandikishwa Pamoja na Vyura wa Kihansi

Kwa: Mkurugenzi Mkuu,
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Nakala: Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), ofisi za serikali za mitaa, Temeke na Kinondoni.

YAH: WAKAZI WA PEMBEZONI MWA JIJI KUOMBA KUINGIZWA KATIKA ORODHA YA VIUMBE ADIMU

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Charambe, Chamazi, Buza na Yombo Vituka kwa upande wa Temeke, pamoja na wenzetu wa Wazo, Bunju na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni, tunaomba kwa heshima na taadhima tuondolewe katika kundi la "wadau" tulimo sasa kwenye tathmini za mazingira za vituo vya umeme, tuingizwe katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Upendeleo hatuutaki. Tunataka kile alichopewa chura.

Chura mwenyewe mnamjua. Ni yule wa manjano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa mradi wa umeme umeshapamba moto. Dunia nzima hakuwa na kwao pengine ila hekta chache zilizokuwa zikilowa manyunyu ya maporomoko yale. Maji yalipogeuziwa handakini kwenda kuzungusha mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakata. Hapo ndipo nchi hii ilipoonyesha inaweza nini ikiamua kumjali jirani wa mradi wa umeme. Chura akafungiwa mabomba ya kumnyunyizia mvua ya bandia. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege hadi New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha; mwaka uliofuata mia moja wa kizazi cha ughaibuni wakarudishwa nyumbani, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, jirani kabisa na kituo kikubwa cha umeme cha Ubungo. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao. Sidhani kama kule Mlimani walikatiwa umeme.

Na chura hatuna ugomvi naye. Hata yeye, wataalamu walimgundua mradi ukiwa umeshaanza, kwa hiyo katika hilo tunafanana naye kama pacha. Tofauti ni kwamba alipogunduliwa, alihesabiwa mmoja mmoja.

Sisi tunahesabiwa kwa namna nyingine. Taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira huwa na sura ya viumbe hai, na kwa kiwanja cha kituo huko Mbagala sura hiyo haimtoi mtu jasho: miembe, minazi, mkorosho mmoja mzee, mijusi, panya, na kunguru wasiokuwa na idadi. Kiumbe adimu hakuna. Mtaalamu anafunga daftari. Sisi tunajitokeza kurasa nyingi mbele, tukiwa asilimia: wangapi wameunga mkono, wangapi wana hofu, wangapi wanauliza ajira. Mwishoni tunatokea tena kwenye picha, tumenyoosha mikono chini ya mwembe uleule uliotajwa katika sura ya viumbe hai, ila mwembe umeandikwa na jina lake la Kilatini.

Naomba nieleweke mapema, maana kuna watu wakisikia mtu anahoji kituo cha kupoza umeme wanamwita adui wa maendeleo. Vituo tunavitaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na wengi kati yetu tunaishi mwisho wa laini ndefu ambako ikifika saa moja jioni feni inasuasua na friji halioni sababu ya kugandisha. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa. Umeme wote huo hauna faida kwa mtu wa Chamazi kama hakuna pa kuushushia msongo na kumgawia. Mtu asiyekuwa na umeme wa uhakika anapikia mkaa na kuwasha jenereta, na msitu uliokatwa kwa ajili ya mkaa huo nao ni mazingira, ingawa hauko kwenye kiwanja cha mradi na kwa hiyo hauna ukurasa wake. Jengeni. Tunachouliza ni nani anakaa mezani kiwanja kinapochaguliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema vizuri kabisa. Tathmini itangulie ujenzi. Wananchi washirikishwe. Kanuni za 2005 zikaongeza matangazo na mabango, na zikataka muhtasari uandikwe kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Huo muhtasari ndio sehemu yetu. Taarifa kamili inabaki kwa Kiingereza, mamia ya kurasa, na mimi nimekubali kwamba hofu zangu zimetafsiriwa kwenda lugha ambayo mwenyekiti wangu wa mtaa hawezi kuzikagua kama zimefika salama. Benki inayokopesha inazisoma bila shida. Labda ndiyo maana zimeandikwa.

Mikutano nayo tuizungumze. Nimekaa katika mingi ya miradi ya kila aina, ya barabara, ya mifereji, ya maji, na ratiba yake naijua kama ibada. Wataalamu wanafika saa tano kwa mkutano wa saa tatu. Karatasi ya mahudhurio inazunguka kabla ya hotuba, kwa sababu ndiyo itakayoambatanishwa. Soda inagawiwa. Mtaalamu anaeleza kwamba athari ni "ndogo na zinazodhibitika". Mzee mmoja anauliza fidia. Kijana anauliza ajira. Mama mmoja anauliza kama watoto watapata saratani kutokana na nyaya, na watu wanacheka kidogo, mtaalamu naye anacheka, anasema hapana, mama akae.

Mama yule aliuliza swali la kisayansi, Ndugu Mkurugenzi. Mwaka 2002 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka uga wa sumaku wa nyaya za umeme katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Huenda, wala si kwamba vimethibitishwa. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida, kwa umeme kama wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, ni maikrotesla 200, na nguvu ya uga hushuka haraka kadiri unavyosogea mbali. Hayo yote yangeweza kusemwa kwa dakika mbili. Bora zaidi, kipimo chake kinashikika mkononi; mtaalamu angekuja nacho, akasimama ukutani kwa kituo kilichopo tayari, akasoma namba mbele ya mama, kisha akamwachia asome mwenyewe. Cheko halina kizio cha kupimia.

Tukija kwenye mambo yasiyochekesha mtu, kuna mafuta. Transfoma kubwa ya kituo inabeba maelfu kwa maelfu ya lita, ya kupoozea na ya kuzuia umeme usiruke. Transfoma za zamani duniani kote ziliwahi kujazwa mafuta yenye PCB, sumu isiyooza ambayo Mkataba wa Stockholm, uliosainiwa 2001 na Tanzania ikauridhia, ulitaka vifaa vyake viachwe kutumika ifikapo 2025 na taka zake ziteketezwe salama ifikapo 2028. Mtaani mafuta ya transfoma yana sifa nyingine: yanaibwa, na kila mla chipsi wa jiji hili amewahi kusikia yanakoishia. Basi na yasiibwe. Yakivuja tu, chini yake pana nini? Temeke hii ni mchanga na visima. Familia nyingi zinakunywa kinachotoka humo ardhini, na Mto Kizinga unaopita bondeni kwetu ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Kituo kizuri hujengewa chini ya transfoma shimo la zege la kukinga mafuta yote yakimwagika. Swali letu ni dogo: shimo hilo limepimwa kwa mafuta peke yake, au kwa mafuta pamoja na mvua ya masika? Mwaka wa mafuriko wa 2011, yale ya Desemba yaliyowahamishia watu wa Jangwani huko Mabwepande, hakuna shimo Dar es Salaam lililobaki na nafasi.

Kisha kuna gesi ya SF6 ndani ya swichi za kisasa, haina rangi wala harufu, na kilo moja ikitoroka inapasha joto dunia kuliko kilo 23,000 za hewa ya ukaa. Hii hatujawahi kuisikia ikitajwa mkutanini. Labda soda huwa zimekwisha.

Na kuna mvumo. Baraza lako linasifika kwa kupima kelele. Baa kadhaa za jiji hili zimefungwa muziki na kifaa chenu, na wapo majirani waliowaombea dua. Transfoma nayo inaimba, noti moja, mitetemo 100 kwa sekunde, usiku na mchana, haina wikiendi wala mfungo. Tunaomba kifaa kile kilichoizima baa kipitishwe na hapo ukutani, saa nane usiku, wakati DJ ameshalala.

Sasa nije kwenye sura ninayoipenda kuliko zote katika taarifa hizi, ile ya "njia mbadala". Lazima iwepo. Inaeleza kwamba maeneo mengine yaliangaliwa, na kwamba baada ya kuzingatia kila kitu, eneo lililokuwa limeshachaguliwa ndilo linalofaa. Kwa muujiza, linalofaa huwa ni letu. Katikati ya jiji, ambako Finland ilisaidia, nyaya za kilovolti 132 zilizikwa ardhini kwa heshima zote kufikia kituo chao. Huku kwetu nguzo zinapita juu ya paa na sisi ndio tunaopisha.

Historia ya pembezoni ndiyo hiyo. Taka za jiji zilimwagwa Tabata hadi wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda, jiji likaomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi Jaji Lugakingira alipokataa akisema moshi ule unagusa haki ya watu ya kuishi. Jiji likatii kwa kupeleka taka Kunduchi Mtongani. Watu wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaja Vingunguti. Leo ziko Pugu. Ghala la mabomu lililipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009; wakati watu wanazika na kuezeka upya, lilikuwepo lingine Gongo la Mboto, nalo likalipuka tarehe 16 Februari 2011. Sisemi kituo cha umeme ni bomu, na atakayesema nimesema hivyo hajasoma. Nasema jirani wa Mbagala akiuliza "kitu hiki mmekiangalia vizuri?" ana sababu ya kuuliza ambayo mtu wa Oysterbay hana, na sababu hiyo ingestahili sura yake, hata ya kurasa mbili.

Nakala ya barua hii inakwenda TANESCO kwa sababu wao wanatuelewa. Novemba 2017 makao yao makuu ya Ubungo yalipigwa alama ya X ya kubomolewa, kwa amri ya Rais Magufuli, kwa kuwa sehemu ya jengo ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na nyundo zikafika. Si kila taasisi ya umeme imewahi kuonja ukutani mwake rangi ile ile ambayo mwananchi anaionja mkuza wa nyaya unapopimwa. Tunaamini uzoefu huo haukupotea. Aliyepigwa X anajua kwamba kati ya siku ya rangi na siku ya malipo mtu hajengi, hapigi plasta, hapangishi, wala haozeshi binti kwa raha. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini unakufa baada ya miaka miwili kama haujalipwa. Athari ya kungoja ni athari kwa mazingira ya binadamu; iandikwe kwenye jedwali, kati ya vumbi na kelele, na mbele yake safu ya "hatua za kudhibiti" ijazwe kwa tarehe.

Kwa hiyo, tukishapewa hadhi ya vyura, maombi yetu mengine ni mepesi. Tuitwe wakati viwanja vinavyofikiriwa bado ni vitatu. Taarifa nzima ije kwa Kiswahili, pamoja na viambatanisho, na kama gharama ya kutafsiri ni tatizo, tutachanga. Huku tuna vikoba vinavyojua kutunza hesabu. Vipimo vya sumaku, kelele na maji ya visima vichukuliwe kabla ya ujenzi na kila mwaka baada yake, na namba zibandikwe. Wala msizibandike ofisi ya kata peke yake, ambako ubao wa matangazo una kioo, kioo kina kufuli, na ufunguo anao mtu aliye likizo. Pelekeni kwa kinyozi, msikitini, kanisani na kwenye kibanda cha wakala wa Luku.

Ndege ya kwenda New York hatuidai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Charambe,
Kwa niaba ya viumbe tajwa.

Viambatanisho: picha mbili ndogo za kila mwombaji, na karatasi ya mahudhurio. Safari hii tumeisaini baada ya mkutano.